Ndege ya Jumanne na Ijumaa

Ndege ya kwanza aliyoirusha Zuwena ilitoweka mara tu matairi yake yalipogusa lami. Haikuanguka, haikuwaka moto. Ilishuka vizuri, ikapita mbele ya macho yake kwenye kioo cha kompyuta, ikapunguza mwendo, halafu ikawa haipo. Uwanja ukabaki mtupu, na muungurumo ukakatika kama wa redio iliyochomolewa waya.

Kutoka chumba cha pili Babu akapaza sauti. "Imekuwaje hiyo? Kazima injini ingali mbioni?"

"Imeegeshwa, Babu."

"Haiegeshwi hivyo! Huyo rubani wamemuokota wapi?"

Ilimchukua siku mbili kulielewa kosa. Programu ile ya kurusha ndege, aliyopewa na mwenzake walipokuwa chuoni Mtwara, ilikuwa na viwanja vya dunia nzima, lakini kiwanja cha Kilwa Masoko ndani yake kilikuwa mstari wa lami uliolazwa majanini, basi. Ndege zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe zikishatua hutafuta mahali zilipopangiwa kukaa, na zisipopaona huondolewa. Zuwena akachora sehemu tatu za kuegesha pembeni mwa kibanda cha abiria, akarusha tena. Safari hii ndege ilitua, ikageuka, ikatambaa taratibu mpaka kibandani, ikazima.

"Alhamdulillah," akasema Babu. "Sasa abiria washuke."

Huko jikoni, mama yake Zuwena, Kadija, aliziba mdomo kwa ncha ya kanga asisikike akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mfungo uliopita.

Babu, mzee Abdurahmani, alikuwa amefanya kazi katika uwanja ule miaka thelathini na moja. Alifyeka majani, alifukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, alisimama na vibendera vyake viwili vyekundu kuzielekeza ndege pa kusimama, na kila iliyoingia na kutoka aliiandika daftarini kwa mwandiko wa madrasa, ulionyooka. Halafu presha ya macho ikampofusha. Ramadhani iliyopita kiharusi kikaja kumalizia, kikamlaza upande wa kushoto wote. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya uzio wa uwanja, lakini ndege zenyewe zilikuwa zimepungua. Zilikuja za kukodi, moja leo, nyingine baada ya majuma mawili. Babu alilala akitega sikio na asisikie kitu. Mwishowe akaacha kula. Uji ulirudi jikoni umeganda juu.

"Uwanja umekufa," alikuwa akisema. "Mnanificha tu."

Zuwena alikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada ya kompyuta ambayo hadi siku hiyo ilikuwa imempatia kazi ya kuchapa barua za watu dukani, mchana mpaka jioni. Alikuwa binti wa haya nyingi; akiulizwa jina mbele za watu, alijibu akiangalia vidole vya miguu yake. Ila kwenye mashine hakuwa na haya. Aliliweka jicho la programu mahali ilipo nyumba yao hasa, hatua chache kutoka njia ya kurukia, akanyoosha waya kupitia dirishani, akakiweka kispika kimoja nje upande wa Kivinje na kingine upande wa bandarini. Sabufa aliisukuma chini ya kitanda cha Babu, ukutani, ikitetemesha sakafu kidogo. Masikio ya mzee hayakuwa tena yale ya zamani, ingawa mwenyewe hakukubali.

Kila ndege ilikuwa mstari mmoja wa maandishi: namba ya ubavuni, aina yake, siku, saa ya kuondoka, saa ya kufika, kiwanja iendako. Saa ziliandikwa kwa majira ya Greenwich, kwa hiyo saa nne asubuhi ya Masoko ndani ya faili ilikuwa saba. Zuwena alipanga ya kutoka Dar es Salaam, ya Mafia, ya Mtwara. Kisha akaketi kungoja ukaguzi.

Ukaguzi ulikuja kila asubuhi, pamoja na uji.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Ile ya jana ya Mtwara, umeisikia?"

"Nimeisikia, mume wangu."

"Imeshukia upande wa bandarini. Kusi lote hili linavuma, yeye anatua na upepo mgongoni! Atakuja kuingia msikitini siku moja, na ndege yake."

Zuwena alirudi kwenye kompyuta akaurekebisha upepo wa programu ulingane na wa nje, na kesho yake ndege zote zikaja zikitokea upande wa Kivinje. Babu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamaliza bakuli. Siku nyingine alilalamika kwamba ya Mafia ina sauti nyembamba, zamani ilikuwa ya injini mbili za kizee, inakohoa kabla ya kuzima. Zuwena alihangaika siku nne mpaka akapata iliyokohoa. Jumatano moja ikatua ndege ya kweli, ya watalii, na Babu akakunja uso. "Hiyo bovu. Haina hata nguvu ya kutikisa kitanda."

"Mwanamke huyu ananipenda," alimwambia Kadija akimwonyesha Zuwena kwa kidole, pembeni kidogo ya pale alipokuwa amesimama. "Kila saa ya ndege yupo hapa hapa. Wewe mwanangu uko jikoni tu na masufuria yako."

"Masufuria yangu ndiyo yanayokulisha, Baba."

"Yananilisha mchicha."

Miezi miwili nyumba ilikuwa hivyo. Zuwena, aliyekuwa halali vizuri kwa kukumbuka barua za kazi zisizojibiwa, alilala.

Ndipo Babu alipouliza. "Ya Songo Songo mbona siisikii? Zamani ilikuwa Jumanne na Ijumaa, saa nne. Ikileta watu wa gesi."

Kisiwa hakikuwamo kwenye programu. Ilikuwepo bahari tu, bluu tupu. Zuwena alikiweka, akalaza kiwanja juu yake, akachora pa kuegesha, akaandika mstari mpya: Jumanne na Ijumaa, kufika saba. Alifanya hivyo kwa furaha ya mtu anayepika chakula alichoombwa. Ndege ilikuja Jumanne ile ile. Babu alisikiliza mpaka injini ikazima, halafu akauliza kwa upole, "Wameshuka?"

"Wameshuka, Babu."

Kuanzia hapo, kila Jumanne na Ijumaa mzee aliomba kuogeshwa mapema. Alitaka kanzu ya kuendea msikitini na kofia yake ya viua. Aliketishwa juu ya mito, uso mlangoni, na kila sauti ya kandambili barazani ilimfanya ainue kidevu. Zuwena alimwona akajiambia kwamba Babu anapata nafuu. Hakumuuliza anamngoja nani. Hilo ndilo alilolirudia baadaye, kila mara, kwamba hakuuliza.

Jumanne ya tano Babu aliagiza mdogo wake aitwe. Mzee Suleiman alikuja baada ya sala, viatu mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Kadija na Zuwena walisimama mlangoni.

"Nina wasia," akasema Babu. "Suleiman, unanisikia?"

"Nakusikia, kaka."

"Nikifa, Hussen asiingie kaburini mwangu. Asinipokee, asinilaze, asitie mkono kwenye mchanga wangu. Nimeondoa radhi yangu kwake."

Hussen alikuwa mwanawe wa kiume, wa pekee. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya wafanyakazi huko Songo Songo, na hakuwa amekanyaga Masoko kwa miaka miwili. Hata mama yake alizikwa bila yeye.

"Baba, tusizungumze hivyo," Kadija akaanza. "Usafiri wa kule si unaujua? Ndege hakuna, na boti..."

"Ulikuwa ukiniambia hivyo, nami nikawa nameza. Ndege hakuna, Baba. Hussen anaogopa maji, Baba, tangu boti lilipowapindukia. Haya, nikamsamehe, atapitia wapi? Kumbe ndege ipo!" Sauti yake ikapasuka. "Tisa nimezihesabu. Zinatua hapa, mlangoni kwangu. Tisa zote, wanashuka watu wa kule, na yeye hayumo, wala salamu."

Kadija aligeuka akamtazama Zuwena, na kwa jinsi alivyotazama, hakukuwa na haja ya neno. Walipofika uani Kadija alisema neno hilo hata hivyo, polepole, akisugua sufuria lililokuwa safi.

"Wewe ndiye uliyezirusha, mwanangu. Wewe ndiye utakayemwambia."

"Atanichukia, Mama."

"Basi akuchukie wewe uliye naye humu ndani. Ni afadhali kuliko mwanawe."

Alikwenda mara tatu mpaka mlango wa chumba. Mara ya kwanza Babu alikuwa amelala. Mara ya pili alikuwa macho, akamwita mke wangu, na yeye akajikuta anauliza kama anataka chai. Mara ya tatu alishika mwimo wa mlango, akaona mkono ule mzima wa mzee umelala juu ya shuka, na akafikiri jambo jingine. Alifikiri: nikimwambia ukweli namnyang'anya ndege zote, atarudi kwenye kile kimya, ataacha kula. Lakini Hussen mwenyewe akija, akaingia mlangoni siku ya ndege, saa ya ndege, basi hakuna atakayenyang'anywa kitu.

Jumatano akampigia simu mjomba wake. Alimweleza yote, akilia sehemu zile ambazo hazikuwa na aibu kubwa na kunyamaza zile zilizokuwa nayo.

"Radhi ameiondoa?" akauliza Hussen.

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa sababu ya ndege ya kwenye kompyuta."

"Ndiyo."

"Nitapanda boti la Ijumaa," akasema. "La saa moja. Uwe nami simuni, Zuwena. Mwenzako nikiyaona maji magoti yanalegea."

Boti la mashine lilitumia saa tatu na nusu kufika Masoko. Kutoka bandarini kwa bodaboda ni dakika kumi. Alhamisi Zuwena alilifungua faili lake, akaisogeza ndege ya Songo Songo kutoka saa nne hadi saa tano kasoro robo, akaijaribu mara sita vispika vikiwa vimezimwa. Ilitua kwa dakika ile ile kila mara. Hakuwahi kuwa makini hivyo chuoni.

Ijumaa saa moja na dakika tano alipiga. "Mjomba, umepanda?"

Upepo ulivuma ndani ya simu. "Nimepanda," akajibu Hussen.

"Bismillah. Mungu akulete."

Alikwenda moja kwa moja kwa Babu, akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza maishani alisema bila kusita. "Babu, leo mjomba Hussen yumo ndani ya ndege."

Nusu ya uso wa mzee iliyokuwa bado inatii ilianza kutetemeka. Akasema, "Niletee kanzu."

Saa nne ikapita. Babu akauliza mbona imechelewa, Zuwena akamjibu pengine ni upepo. Alijaribu simu ya Hussen. Haikupatikana, na hilo lilimtuliza, maana baharini mtandao hakuna. Saa tano kasoro robo ndege ikaja ikitokea upande wa Kivinje, ikatikisa kitanda, ikatua, ikatambaa, ikazima.

Kadija alikuwa amesimama barazani akiangalia njia ya bandarini. Njiani walipita watoto wa shule, akapita mtu na ndoo ya dagaa.

"Kutoka kibandani mpaka mlango huu ni hatua mia mbili na arobaini," alisema Babu. "Nimezitembea miaka thelathini. Hata mwenye mzigo hazidi dakika nne."

Akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Midomo ilionekana ikicheza. Alipofika mwisho alianza upya. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, wanaume wakapita na kanzu zao nyeupe kwenda msikitini, wakarudi. Simu ya Hussen bado haikupatikana. Babu akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo Zuwena alipoona kwamba hakubakiwa na kitu cha kusogeza. Aliushika mkono wa babu yake.

"Babu, hapakuwa na ndege."

"Nani kakutuma useme hivyo? Mama yako?"

"Hakuna aliyenituma. Ni kompyuta, Babu. Ndege zote hizi ni za kwenye kompyuta. Mimi ndiye ninayezirusha."

"Wewe?" Babu karibu atabasamu. "Mke wangu, kuwasha jiko la mkaa kunakushinda, utarusha ndege? Usimfichie. Nimeisikia kwa masikio yangu haya. Tangu lini ukaanza kunidanganya?"

"Nitakuonyesha. Babu, tafadhali. Hesabu mpaka kumi, halafu utaisikia. Mimi nitakuwa nimeiwasha."

Alikimbia. Ndege ilikuwa imesimama kwenye kioo pale pale ilipoegeshwa, na njia ya haraka kuliko zote ilikuwa kuiruhusu iondoke. Akabonyeza. Injini ikalia upande wa kibanda, ikapanda, ikageuka, ikavuta pumzi mwishoni mwa lami, ikakimbia, ikapita mbele ya nyumba na kupaa kuelekea baharini. Alirudi anahema.

"Umeisikia? Babu, umeisikia? Ni mimi."

"Nimeisikia," akasema Babu. "Inaondoka naye."

Alipotaka kusema tena, mzee aliinua ule mkono mzima, kiganja kikimkabili, na akauweka hivyo hewani mpaka Zuwena aliponyamaza. Hakusema neno jingine siku ile. Alasiri mdomo wake ulipinda zaidi, na mate yakaanza kumtoka bila yeye kuyajua. Mganga wa kituo cha afya alikuja, akampima, akamvuta Kadija pembeni.

Hussen aliingia saa kumi na nusu. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini na shati lina madoa ya matapishi. Alikwenda akapiga magoti upande wa ukutani ili auone uso wa baba yake, akaanza kusema, Baba ni mimi, Baba nimekuja. Macho ya mzee yalikuwa wazi. Kama alisikia, hapana aliyejua. Alfajiri ya Jumamosi akakata roho, Hussen akiwa bado amepiga magoti pale.

Wanaume walikusanyika nje kwenye mikeka. Walipomaliza kuosha maiti na kukafini, walianza kuulizana nani wataingia kaburini, na Mzee Suleiman akakohoa, akasema kuna wasia. Ndani, katikati ya wanawake, Zuwena aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani. Alinyanyuka. Shangazi mmoja akamvuta kanga, akajinasua. Alitoka nje akasimama ukingoni mwa mkeka, mbele ya wanaume wasiopungua thelathini, akasema yote. Alisema bila kuinua macho, lakini alisema: programu, vispika, ya Songo Songo, tisa zile, na ile ya kumi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma wakalazimika kuinama ili wasikie.

"Kwa hiyo hakukuwa na ndege," alisema Mzee Suleiman.

"Hakukuwa nayo, Babu."

Mzee alijishika ndevu. "Kaka yangu ameusia juu ya kitu kisichokuwepo. Wasia huo mimi siufuati, na kama ni dhambi, naibeba. Hussen, jiandae. Wewe ndiye utakayempokea baba yako."

Watu wakasogea kumpisha. Hussen hakunyanyuka.

"Zuwena aliniuliza kama nimepanda," akasema, "nikamwambia nimepanda. Nilikuwa nimesimama mchangani. Boti likaniacha. Nikazima simu nisiulizwe tena, nikaja na la pili." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na boti zipo kila siku, ami. Miaka miwili yote zilikuwepo. Baba alikosea ndege tu."

Mtu mmoja akaanza shahada, wengine wakaitikia, jeneza likainuliwa mabegani. Hussen alifuata nyuma ya wote.

Waliporudi kutoka makaburini Zuwena alikuwa mlangoni na kopo la maji, kama ilivyo desturi, akiwamiminia wanaume mmoja mmoja wapate kunawa. Maji yalitiririka mekundu kwa udongo. Mzee Suleiman alinawa mpaka viwikoni, akampa pole, akapita ndani. Hussen alikuja wa mwisho. Alinyoosha mikono yake, akaitazama, akaanza kuirudisha.

"Mimi sikushika kitu," akasema.

Zuwena akainamisha kopo hata hivyo, na Hussen akaiacha mikono yake pale, akanawa.